Sensei Hakuwahi Kuniambia Nina Deni

Wasee wangu, leo hakuna video.

Najua niliahidi. Nilisema mwisho wa mwezi nitawawekea dakika tatu tamu za Sensei wetu wa Kamenu, muziki chini, watoto wakirusha mateke kwa mwendo wa polepole, maneno mazuri yakipita juu. Nimekaa na hiyo kazi wiki mbili. Nimekata, nimeunga, nimefuta, na kila nikifika dakika ya pili mkono unakataa. Kwa hivyo leo mtasoma. Ni ndefu kidogo, vumilieni.

Ilianza hivi. Mwezi wa pili Sensei aliwaambia wanafunzi wake kwamba mwaka huu ukiisha anaachia wengine kazi ya kufundisha. Magoti yamekataa. "Haya magoti nilipewa mawili tu, na nimeyatumia kama ya watu kumi," alisema, akacheka, na watoto wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Mimi sikuwepo. Niliambiwa na binamu yangu ambaye bado anaenda. Mimi nilikuwa sijakanyaga pale tangu Desemba 2018, na sababu nitawaambia, msiwe na haraka.

Niwe mkweli. Binamu yangu aliponipa hiyo habari sikuona mzee anastaafu. Niliona kontenti. Mzee wa mtaa, miaka zaidi ya thelathini ndani ya ukumbi mmoja wa mabati, ndevu nyeupe, mkanda mweusi uliochakaa mpaka pembeni umeanza kurudi kuwa mweupe. Hiyo inajiuza yenyewe, bana. Nikachaji simu, nikatoka.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Natafuta watu waliopita mikononi mwake, naweka simu mbele yao, nauliza swali moja tu: "Sensei ni mtu wa aina gani?"

Kwa wale hamjui kwetu, Kamenu iko Thika, ile Thika ya viwanda na mananasi. Ukitoka kwetu kwa miguu unafika Makongeni na barabara ya Garissa kabla hujamaliza kutafuna muwa wako. Ukumbi wetu uko nyuma ya poshomili. Wakati mashine inasaga, vumbi la unga linaingia kwa madirisha, na tulikuwa tunataniana kwamba hapa hata kabla ya kupewa mkanda mweupe, nywele zako zimeshakuwa nyeupe. Chini ni simiti tupu. Hakuna yale magodoro ya kufanyia mazoezi mnayoona kwa filamu. Tukimuuliza Sensei kwa nini hatununui, alikuwa anasema simiti inakufundisha kuanguka vizuri mara moja tu, hurudii somo.

Jumatatu na Jumatano saa kumi na moja jioni, Jumamosi saa nane mchana. Ada ilikuwa shilingi mia tatu kwa mwezi. Na kila siku mazoezi yakiisha kulikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na mkubwa wala mdogo: wote tunaosha sakafu. Unalowesha kitambara, unakikunja, unaweka mikono miwili juu yake, unainua makalio, unakimbia ukisukuma kutoka ukuta huu mpaka ule. Baadaye nilikuja kuona kwamba Japani pia wanafunzi wanaosha dojo yao hivyo hivyo. Wakati huo nilidhani ni mzee tu hataki kulipa mtu wa usafi.

Kumbukeni hiyo sakafu. Tutairudia.

Wa kwanza kumpata alikuwa jamaa wa boda, pale steji. Alizima pikipiki, akavua helmeti, akafikiri kidogo.

"Alinifundisha kuanguka," akasema.

Nikangoja aendelee na mambo ya ngumi. Hakuendelea. Ikabidi nimchokoze. Ndiyo akaniambia: Sensei ni mtu wa karate, Shotokan, lakini somo la kuanguka alilikopa kutoka judo. Kidevu kinagusa kifua, mkono unapiga chini, mwili unajiviringisha kama mpira. Mwezi mzima wa kwanza hufundishwi kupiga, unafundishwa kwenda chini. Miaka kadhaa baadaye lori likamsukuma nje ya lami pale barabara ya Garissa. "Pikipiki ilikufa. Mimi nikajiviringisha kwa mtaro, nikasimama, nikaanza kutafuta simu yangu. Sijawahi kumpiga mtu teke tangu nizaliwe. Lakini nimeanguka mara tatu, na bado uko hapa unanihoji."

Wa pili ni dada mmoja anayesomea uuguzi. Yeye alikumbuka sauti. Kwenye karate kuna ile kelele unatoa na pigo, inaitwa kiai, na haitoki kooni, inatoka tumboni. Alisema Sensei alimsimamisha ukutani wiki baada ya wiki akimwambia, "Sijasikia. Nani amekufa? Ongea." Alikuwa analia akifika nyumbani. "Sisi wasichana wa hapa tunalelewa kuongea polepole, hata tukiwa tunaumia. Yule mzee alikuwa mtu mzima wa kwanza kuniambia sauti yangu ni ndogo sana." Halafu usiku mmoja akitoka steji, mtu akamshika mkono mahali pa giza. Hakukumbuka ngumi hata moja. Alikumbuka kupiga kelele. Ploti nzima ikafungua milango.

Wa tatu, mama wa watoto wawili mwenye duka la nguo, yeye ni wa zamani kidogo. Alinipa kitu ambacho sikukijua. Zamani, alisema, Sensei hakuwaruhusu wasichana kupigana. Walikuwa wanafanya kata tu, yale mapigo ya kupangwa, kisha wanakaa pembeni kuwashikia wavulana maji. Halafu ikaja Olimpiki ya Beijing, 2008. Kenya ilipeleka watu wawili kwenye taekwondo, Dickson Wamwiri na Mildred Alango. Mwanaume mmoja, mwanamke mmoja. Sensei aliangalia kwa televisheni ya jirani. Jumamosi iliyofuata akaja ukumbini, akasimama mbele, akasema, "Mimi nimekosea. Wasichana, vaeni glavu."

"Unajua ni nini kuona mzee akisema amekosea, mbele ya watoto?" aliniuliza yule mama. "Baba yangu mzazi sijawahi kumsikia akisema hivyo."

Na ndiyo maana, akaniambia, mwaka wa 2021 Faith Ogallo alipoingia ulingoni Tokyo kwa jina la Kenya, yule dada ambaye alianza na mpira wa kikapu kabla ya kuhamia taekwondo, yeye alifunga duka lake siku nzima. Faith hakushinda. Duka lilifungwa tu.

Wa nne alikuwa mtoto wa miaka tisa. Nilimuuliza Sensei ni mtu wa aina gani. Akasema: "Ananuka dawa ya kuchua. Na anajua majina yangu yote matatu." Hiyo ndiyo dakika bora kwenye video yote, wasee, nawaapia.

Mpaka hapo mambo yalikuwa matamu. Halafu nikampata wa tano.

Huyu sasa anafundisha mazoezi kwenye jimu mjini. Mwili kama lango. Nilipomuuliza swali langu alicheka kwa pua.

"Unatengeneza ya kumsifu, si ndiyo? Basi weka na hii. Alikuwa anatuchapa. Alikuwa na mwanzi. Ukichelewa, mwanzi. Ukiinama vibaya, mwanzi. Mimi wanafunzi wangu siwagusi na fimbo na wanajifunza vizuri tu. Nampenda yule mzee. Lakini msimfanye malaika, mtamharibu."

Nilitaka kubishana, nikakosa la kusema, kwa sababu ule mwanzi naukumbuka. Nakumbuka hata mlio wake. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunalinganisha alama kama medali, na mzazi yeyote wa mtaa angekwambia hiyo ni nidhamu. Leo nikiona mtu mzima akimchapa mtoto kwa mwanzi nitatoa simu, na si kwa ajili ya kumsifu. Binamu yangu ananiambia siku hizi ule mwanzi ni wa kuonyeshea tu, Sensei anaukalia kwenye kiti na kuelekeza mguu wa nani umekaa vibaya. Kwa hivyo alibadilika. Lakini migongo yetu ilikuja kabla ya mabadiliko, na huyu jamaa ana haki ya kukumbuka.

Kabla hajaniacha akaongeza: "Na kitu kingine. Kila mtu atakwambia Sensei hakujali pesa. Muulize Mama Sensei kama yeye pia hakujali."

Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya mtu mwenye kinyongo.

Wa sita ndiye aliyeniharibia video.

Huyu tulikuwa tunamwita Sempai, yaani mwanafunzi mkubwa. Ndiye alikuwa anashika daftari la ada. Nilimwendea nikitaka tu anipe picha za zamani. Akanitolea daftari zenyewe, zile za kurasa mia mbili, zimefungwa na uzi. Nikafungua. Majina upande wa kushoto, miezi juu, alama ya kalamu kwa kila aliyelipa.

Wasee, daftari lilikuwa jeupe.

Mwezi mmoja niliohesabu, watoto thelathini na wanne, alama kumi na tatu. Mwezi mwingine, alama tisa. Nikasema, "Sempai, kumbe hawa wote walikuwa hawalipi?" Akaniangalia kwa muda. Kisha akasema polepole, "Tafuta jina lako."

Nilijiunga Januari 2014, nikiwa na miaka kumi na moja. Januari, alama. Februari, alama. Machi, alama. Baada ya hapo hakuna kitu. 2014 yote, hakuna. 2015, hakuna. Nikafunua mpaka Desemba 2018. Miezi sitini, alama tatu.

Sasa niwaambie kwa nini niliondoka.

Desemba 2018 kulikuwa na mtihani wa mkanda wa kahawia. Kata zangu zilikuwa safi. Heian zote tano, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, nilikuwa naziota. Ikaja zamu ya kupigana, nikapangiwa kijana mdogo kuliko mimi, mwembamba, anaogopa. Nilimdharau. Akaingia chini ya mkono wangu akanigusa kifuani, pointi safi, na wavulana ukutani wakacheka. Sensei akapaza sauti: "Yame!" Yaani, simama.

Mimi sikusimama. Niligeuka nikampiga ngumi ya pua, baada ya yame. Damu ikamwagika kwa simiti.

Mwisho wa mtihani Sensei alisoma majina. Yangu akayafikia, akasema neno moja: "Bado."

Nikalipuka. Mbele ya watu wote, wadogo kwa wakubwa, nikasema: "Sensei, kata yangu haina makosa. Unanionea tu. Na mimi nalipa pesa yangu hapa kama wengine!"

Ukumbi ukanyamaza. Nakumbuka Sempai aliangalia chini. Nilidhani anaona aibu kwa niaba ya Sensei.

Sensei aliniangalia. Haikuwa kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayepima kitu. Kisha akawaambia wote: "Haya. Sakafu." Watoto wakachukua vitambara. Mimi nikavaa viatu nikatoka. Hiyo ndiyo siku pekee katika miaka mitano ambayo sikuosha ile sakafu, na ndiyo siku niliyosimama nikasema nimelipa.

Nilienda kejani nikamuuliza mathe. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Si ule mwaka kiwanda kilitusimamisha kazi," akasema. "Nilienda kumwambia nakutoa, sina mia tatu. Akaniambia, 'Mtoto aje. Sakafu inahitaji mikono.' Nikamwambia basi nitamwambia mtoto aoshe. Akasema hapana, wataosha wote, ili asijulikane nani ni nani."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Aliniomba nisikuambie. Alisema kijana akijua ataanza kupiga ngumi kama mtu aliyesaidiwa."

Hapo ndipo simu ikawa nzito mkononi.

Nimekuwa nikifikiria sana kuhusu lile jicho lake siku ile. Kila mtu anajua karate ni kupiga. Lakini angalia mtoto anachofundishwa kwanza. Kata ya kwanza kabisa inaitwa Heian Shodan, mapigo ishirini na moja, na lile jina Heian lina maana ya amani na utulivu. Hatua yake ya kwanza ni kukinga, unageuka kushoto na kuteremsha mkono kuzuia. Mzee Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka wa 1922, alishikilia kwamba mtu wa karate haanzishi vita. Hayo nilikuwa nayajua kwa mtihani. Nilikuwa nayajibu vizuri sana.

Siku ile, mbele ya watoto thelathini, Sensei alikuwa na pigo moja mkononi ambalo lingenimaliza. Sentensi moja tu: "Kijana, wewe hujalipa tangu 2014." Ningezimika. Nisingeinua kichwa Kamenu mpaka leo. Nilikuwa nimemkosea, nilikuwa nimemwaga damu, nilikuwa nimemwita mwonevu, na ukweli wote ulikuwa upande wake. Hakulirusha. Mimi niliambiwa yame nikashindwa kusimama. Yeye hakuambiwa na mtu.

Neno sensei lenyewe, ukilifungua kwa Kijapani, ni yule aliyezaliwa kabla. Aliyetangulia, basi. Hakuna mahali limetaja kupigana. Na hii mikanda tunayogombania, mwanzoni haikuwa na maana tunayoipa. Jigoro Kano alipoanzisha judo mwaka wa 1882 hakuna aliyekuwa anauza rangi. Alitafuta njia ya kutofautisha wageni na wenye uzoefu, na rangi nyingi za katikati zilikuja baadaye. Siku hizi mkanda mweusi unaweza kuagiza kwa simu ukaletewa na boda. Mimi pia nilikuwa nafikiria hivyo: nimefika, nimelipa, nipe. Kizazi chetu, tusidanganyane, tunapenda kufika. Tukiulizwa tulipita wapi, tunaweka muziki.

Na mambo haya si ya Kamenu tu. Dar es Salaam kulikuwa na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyeanza kufundisha karate ya Goju-ryu pale Zanaki miaka ya 1970, dojo yao wakaiita Hekalu la Kujilinda. Wanafunzi wake leo ni wazee, wengine wametawanyika ng'ambo, na ukiwasikia wakimtaja utadhani wametoka mazoezini jana. Mtu mmoja anasimama mbele ya vijana, na miaka hamsini baadaye bado wanabeba jina lake. Huko hawakuwa na TikTok.

Lakini nisimalizie hapo, kwa sababu nilikumbuka maneno ya yule jamaa wa jimu, nikaenda kumtafuta Mama Sensei.

Ana kibanda cha mboga Makongeni. Sukuma, nyanya, vitunguu, ndizi za kupika. Nilimsalimia, nikamwambia natengeneza kitu kuhusu Sensei, nikauliza lile swali langu. Aliendelea kukata sukuma, ile ya nyuzi nyembamba, kisu kinaenda bila kuangaliwa.

"Mume wangu ni mtu mzuri," akasema. "Kila mtu ananiambia. Kanisani wananiambia, sokoni wananiambia. Huo uzuri wake umekula hizi mboga miaka thelathini. Kodi ya ukumbi nani alilipa? Taa nani alilipa? Mtoto akivunjika kidole pale, nani alimpeleka hospitali? Wewe mwenyewe nakukumbuka, ulikuwa na miguu kama ya korongo. Ulikuwa unakula kwangu Jumamosi."

Ni kweli. Nilikuwa nakula kwake. Chapati na maharagwe. Nilikuwa nimesahau.

Halafu akasema kitu ambacho sitakisahau: "Sijuti. Usiandike kwamba najuta. Lakini nyinyi mkimsifu, mnamsifu kwa vitu vyangu."

Huyo ndiye mtu ambaye hakuna hata mmoja kati ya watu wangu sita aliyemtaja, isipokuwa yule niliyedhani ana kinyongo. Mimi pia nisingemtaja. Kwenye video yangu ya dakika tatu hakuwa na hata sekunde moja.

Na hii ndiyo maoni yangu ya leo, mkitaka kuyaita maoni. Tunapenda sana mwalimu maskini. Tunapenda kusema "alijitolea", "hakujali pesa", halafu tunaweka mishumaa na emoji akifa. Magoti ya Sensei yanahitaji daktari sasa, akiwa hai, na hana pensheni, kwa sababu sisi ndio tulikuwa waajiri wake na hatukulipa. Mtu akikusaidia bila kukuaibisha, hajasema hudaiwi. Amesema tu hatakudai. Hizo ni habari mbili tofauti.

Nilikuwa nimeweka pesa ya kununua maiki mpya na taa. Nikapiga hesabu. Miezi sitini, toa mitatu, inabaki hamsini na saba. Mara mia tatu. Elfu kumi na saba na mia moja. Nikaitia kwenye bahasha, na Jumamosi saa nane nikaenda ukumbini.

Poshomili bado inasaga. Sensei alikuwa kwenye kiti, mwanzi mapajani, watoto kwenye mistari. Hakushtuka. Aliangalia miguu yangu kwanza.

"Umeingia na viatu."

"Navua, Sensei."

Nilivua. Nikapiga magoti pale mlangoni kama tulivyofundishwa, nikainama, nikamwambia yote. Nimeona daftari. Nimeongea na mathe. Nilikosea kwa yale maneno ya 2018, naomba msamaha. Nikatoa bahasha kwa mikono miwili.

Hakuigusa. Aliuliza: "Na yule kijana wa pua, ulimwomba msamaha?"

Nikanyamaza. Wasee, miaka yote hiyo nilikuwa nawaza mkanda wangu, aibu yangu, na juzi deni langu. Yule kijana sikuwa nimemfikiria hata siku moja.

"Mimi hukunipiga," Sensei akasema. "Anza kule."

Nilipata namba yake kwa Sempai. Yuko chuo, Juja. Nilimpigia nikiwa nje ya ukumbi, bila viatu, mashine ikinguruma. Nikamwambia mimi ni nani na kwa nini napiga. Kulikuwa na kimya kirefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Pua ilipona zamani, bro. Lakini nilikuwa nimengoja." Hatukuongea mengi. Tumeahidiana kukutana.

Niliporudi ndani mazoezi yalikuwa yameisha. Sensei alinyoosha mwanzi kwenye kona. "Vitambara viko pale pale."

Niliosha. Nina miaka ishirini na miwili, nina tumbo kidogo la vibanda, na watoto wa miaka tisa walinipita kwenye ile sakafu kama magari ya Thika Road. Mgongo unaniuma mpaka leo ninapoandika.

Bahasha nilimpelekea Mama Sensei kibandani. Alifuta mikono kwa aproni, akahesabu noti mara mbili, akaulamba kidole, akahesabu mara ya tatu. Akaziweka mfukoni. Hakusema asante, na sikuwa nimeenda kutafuta asante.

Alisema: "Zimetimia. Na wale wengine wako wapi?"

Kwa hivyo nawauliza nyinyi mliopita pale nyuma ya poshomili, mlioko Nairobi, Juja, Mombasa, Ghuba, popote. Sempai ana daftari zote, anaweza kukutafutia jina lako. Mwenye alama kumi na mbili kwa mwaka aje tu anywe chai. Mwenye alama tatu kama mimi anajua la kufanya. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nane. Pesa ni ya Mama, na ya magoti.

Video itakuja. Lakini nitaianzia kibandani, kwa ile sukuma inayokatwa bila kuangaliwa.

Na mje na soksi zisizo na mashimo. Viatu vinabaki nje.